Gari Kuukuu Linalomisi na Kuacha: Namna ya Kulinasa Tatizo Kabla ya Kununua Spea

Gari linalomisi, yaani injini inayokatakata, mfululizo halisumbui sana. Unalipeleka gereji, fundi anasikia kwa masikio yake, anatafuta, anapata. Kazi ni lile linalomisi leo mara tatu mlimani, kesho likanyamaza, keshokutwa ukalifikisha kwa fundi linaunguruma kama jipya. Fundi anakutazama, nawe unamtazama, kisha mnaanza kukisia. Hapo ndipo pesa zinapoanza kutoka.

Yalinikuta na Corona Premio yangu ya 1998, injini ya 4A-FE ya lita 1.6, ile yenye distributa (kigawanyi cha umeme wa moto kwa kila silinda) na nyaya za plagi. Imeshatembea zaidi ya kilomita 380,000. Naishi Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na kazi hunishusha Nebbi na Pakwach karibu kila wiki. Siku moja, nikirudi na abiria watatu, nimevuka daraja la Pakwach na kuanza kupanda kuelekea Nebbi, injini ikakata ghafla, ikarudi, ikakata tena, kama mtu anayekabwa na kikohozi. Nilipofika tambarare ikatulia. Arua nikaingia gereji, injini haikumisi hata mara moja. Tukabadilisha plagi. Wiki iliyofuata ikakohoa palepale. Tukabadilisha nyaya za plagi, kisha pampu ya mafuta, na pampu ilikula pesa niliyoiweka kwa ajili ya karo. Ikakohoa tena. Vyote vitatu nilivyovitoa vilikuwa vizima.

Haya ninayoyaandika ndiyo niliyopaswa kuyafanya siku ile ya kwanza. Yanahusu magari ya petroli yenye injekta (vipulizia mafuta), ya miaka ya tisini na mwanzoni mwa elfu mbili, ambayo yamejaa barabarani kwetu Uganda: Corona, Corolla, Carina, Ipsum, Noah, RAV4 za mwanzo. Dizeli ina mambo yake. Mifano yangu mingi ni ya Toyota kwa sababu ndizo ninazozishika, lakini utaratibu ni uleule kwa Nissan au Subaru.

Tafuta mita ya umeme ya kawaida, kipande kifupi cha waya, chupa ya kupulizia maji, tochi, bisibisi ndefu, spana ya plagi, na daftari. Na mtu wa pili. Kazi hii ukiwa peke yako utaifanya nusu.

Hatua ya kwanza: daftari kabla ya spana

Weka daftari na kalamu ndani ya gari, na kila injini inapomisi, simama mahali salama uandike. Usingoje ufike nyumbani, kwa sababu ukifika utakumbuka kwamba ilimisi tu, na mengine yatakuwa yamepotea. Andika saa, mahali, injini ilikuwa ya moto au ya baridi, mvua ilinyesha au la, ulikuwa gia gani na mwendo gani, mlima au tambarare, abiria wangapi, mafuta yalikuwa kiasi gani kwenye tanki, barabara ilikuwa ya lami au ya mashimo, na kama taa au feni ya AC ilikuwa imewashwa.

Kisha andika jambo moja ambalo wengi hawalitazami: mshale wa mizunguko ya injini ulifanya nini? Injini inapokata huku gari likiendelea kuviringika, mshale ukianguka sifuri mara moja na kurudi, tafuta upande wa umeme wa moto: koili (inayozalisha umeme mkali wa cheche), ignaita (swichi ya kielektroniki ya koili), distributa, sensa ya kranki (inayosoma mzunguko wa injini), au nyaya zinazovipa umeme. Mshale ukishuka polepole pamoja na mwendo wa gari, huku nguvu ikififia, anza na mafuta. Dalili hii si hukumu, lakini mara nyingi imenielekeza mahali sahihi.

Ukishaandika mara tano au sita, ukurasa wenyewe unaanza kusema. Inamisi asubuhi ikiwa baridi na kupona ikipata moto: shuku sensa ya joto la maji, mipira ya hewa iliyopasuka, au plagi chafu. Inamisi baada ya nusu saa, ikipoa inapona: koili, ignaita, sensa ya kranki, au rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) yenye soda, yaani risasi ya kuunganishia, iliyopasuka ndani, maana vitu hivi huachia vikipashwa joto na kushikana vikipoa. Inamisi siku za mvua au alfajiri yenye umande: nyaya za plagi na kifuniko cha distributa. Inamisi ukipita shimo au tuta: waya uliolegea, kichwa cha betri, soketi, swichi ya ufunguo. Inamisi kwenye kona tanki likiwa karibu kuisha: pampu inavuta hewa. Inamisi mlimani tu, na mzigo: hapo mlango uko wazi kwa moto dhaifu, mafuta machache, na kitu cha tatu nitakachokieleza mbele, kwa sababu ndicho kilichonipata mimi.

Ukimpelekea fundi daftari hili, mazungumzo yenu yanabadilika. Fundi mzuri atalisoma kwanza. Asiyetaka hata kulitazama, akaanza kutaja spea za kununua, mshukuru uondoke.

Hatua ya pili: hakikisha ni injini kweli

Kwa gari la gia otomatiki, kuna mtikisiko unaofanana sana na kumisi, kumbe unatoka kwenye gia. Huja ukienda mwendo wa kati, kama kilomita 60 hadi 80 kwa saa, ukiwa umekanyaga mafuta kidogo tu, na unasikika kama unapita juu ya mabati ya migongo. Hapo toki konveta, kiungo kati ya injini na gia, inajaribu kujifunga na kuteleza. Kuijua ni rahisi: ukiwa kwenye mwendo huo na nyuma hakuna gari, gusa breki kwa mguu wa kushoto kidogo sana, kiasi cha kuwasha taa za breki tu, mguu wa kulia ukibaki kwenye mafuta. Mtikisiko ukikatika papo hapo, kagua mafuta ya gia kabla ya kuigusa injini. Fanya hivi kwenye barabara tupu na iliyonyooka.

Hatua ya tatu: iulize kompyuta

Taa ya injini ikiwaka, au hata isipowaka, kompyuta inaweza kuwa imehifadhi namba. Tatizo la magari yetu yaliyotoka Japani kabla ya mwaka 2000 ni kwamba mengi hayazungumzi na vile vimashine vya bei rahisi vinavyochomekwa chini ya usukani. Kimashine kinaandika kwamba hakikuunganishwa, na mwenye gari anaambiwa kompyuta imekufa. Kompyuta ni nzima, ila lugha yake ni ya zamani.

Kwa Toyota za kipindi hicho, chini ya boneti kuna kisanduku kidogo cha plastiki chenye mfuniko, na ndani ya mfuniko majina ya matundu yameandikwa. Zima injini. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, hayo mawili tu na si mengine, kisha fungua ufunguo bila kuwasha injini. Taa ya injini itaanza kuwaka na kuzima. Ikipepesa haraka kwa mpigo sawa bila kukoma, hakuna namba iliyohifadhiwa. Ikiwa na namba, itapepesa tarakimu ya kwanza, itatua kidogo, kisha ya pili. Mpepeso mmoja, kituo, mipepeso minne: hiyo ni 14.

Kwa suala la kumisi, namba za kuangalia ni 12 (ishara ya mizunguko), 14 (ishara ya ignaita), 21 (sensa ya oksijeni), 22 (sensa ya joto la maji), 31 (sensa ya hewa au ya vakyumu, yaani mvuto wa hewa wa injini) na 41 (sensa ya throtoli, ule mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta). Ziandike zote. Kisha futa kwa kuchomoa fyuzi iliyoandikwa EFI kwa nusu dakika, urudishe, uendeshe mpaka imisi tena, usome upya. Namba iliyorudi ndiyo ya kushughulika nayo. Zile za zamani huenda zilibaki tangu kwa mmiliki wa kwanza.

Tena, namba inataja njia, haitaji spea. Namba 22 inaweza kuwa sensa, inaweza kuwa soketi yenye kutu, inaweza kuwa waya uliotafunwa na panya. Pima kabla ya kununua: sensa ya joto la maji ya Toyota hizi husoma kama ohmu 2,000 hadi 3,000 injini ikiwa baridi, kwenye nyuzi 20, na hushuka hadi ohmu 200 au 400 maji yakifika nyuzi 80. Ikisoma hivyo, sensa ni nzima na shida iko kwenye waya.

Hatua ya nne: betri, ethi na nyaya

Hatua hii niliiruka, na inarukwa na wengi, kwa sababu haina spea ya kuuza.

Anza na betri. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima husoma karibu volti 12.6. Injini ikiwaka, kati ya volti 13.5 na 14.5. Shika vichwa vya betri kwa mkono uvizungushe. Kikizunguka hata kidogo, umepata kitu cha kurekebisha leo, bure.

Kisha ethi, yaani nyaya zinazorudisha umeme kutoka injini na bodi hadi kwenye betri. Kwenye gari la miaka ishirini na tano, nyaya hizi zimepikwa na joto, zimeloweshwa, zimefunguliwa na kurudishwa na mafundi wengi. Kuzitazama hakutoshi. Washa injini, washa taa kubwa na feni, weka mita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye chuma safi cha injini, nyingine kwenye kichwa chenyewe cha hasi cha betri. Isome. Isizidi volti 0.2. Ikizidi, umeme unapata shida kurudi, na kompyuta, koili na injekta zote zinateseka pamoja. Rudia kwa kuweka ncha moja kwenye bodi ya gari badala ya injini.

Baada ya hapo fanya kazi ya kutikisa. Injini ikiwaka gari likiwa limesimama, mtu wa pili akae ndani akisikiliza, wewe upite na mkono mmoja ukivuta na kuminya kila soketi na kila fungu la nyaya: kwenye distributa, injekta, sensa ya hewa, rilei, nyuma ya alteneta. Mkono uwe mbali na feni na mikanda, na usishike nyaya nene za plagi injini ikiwaka, maana zinabeba maelfu ya volti. Kitambaa cha kichwa au mikono mirefu ya nguo vifungwe. Injini ikishtuka ukigusa mahali fulani, rudia palepale mara tatu. Panya nao usiwasahau, hasa kama gari hulala karibu na ghala la mahindi. Wanatafuna ngozi ya waya na kuacha shaba wazi, na shaba hiyo hugusa chuma pale tu gari linapotikisika.

Nilipofika hatua hii, mita yangu ilisoma vizuri kabisa. Volti 0.08. Nikakaribia kukata tamaa, mpaka nikarudi kwenye daftari: mlima, mlima, kuondoka na mzigo, mlima. Tambarare hata mara moja hakuna. Nikajiuliza ni kitu gani cha injini kinachobadilika mlimani mbali na moto na mafuta. Jibu ni kwamba injini yenyewe husogea. Ikivuta mzigo inataka kujigeuza, na zinazoizuia ni mauntini, zile raba nne zinazoishika.

Nikamwita mpwa wangu, nikamweka ubavuni mwa gari, pembeni kabisa, si mbele. Boneti wazi, breki ya mkono juu, mguu wa kushoto umekandamiza breki mpaka mwisho, gia kwenye D, nikakanyaga mafuta kidogo kwa sekunde mbili tu.

“Mjomba, injini inainuka!”

“Inainuka kiasi gani?”

“Kiganja kizima!”

Nikarudia, sekunde mbili tena. Injini ikakohoa, gari likiwa limesimama uani kwangu, mara ya kwanza kuisikia ikikohoa bila mlima. Nikazima, nikamulika tochi. Mauntini ya mbele ilikuwa imepasuka katikati. Injini ikiinuka, ilikuwa inavuta waya mmoja wa ethi, mweupe wenye mstari mweusi, uliofungwa kwa boliti kwenye manifoldi ya kuingizia hewa. Kwa macho waya ulikuwa mzima. Nilipouminya karibu na kichwa chake ukakunjika kama kamba ya kitambaa: ndani ya plastiki shaba ilikuwa imekatika, zimebaki nyuzi mbili au tatu, zimegeuka kijani na unga. Injini ikitulia nyuzi ziligusana, ndiyo maana mita ilisoma vizuri. Injini ikiinuka, ziliachana, na kompyuta ikapoteza ethi yake kwa nukta moja.

Kwa hiyo jaribio hili la kuinua injini liwe sehemu ya utaratibu wako, na mita ikiwezekana iwe imeunganishwa wakati huohuo. Kwa gia otomatiki tu, sekunde mbili au tatu, na asiwepo mtu wala mtoto mbele au nyuma ya gari.

Hatua ya tano: moto

Toa plagi moja baada ya nyingine, uzipange mezani kwa namba za silinda. Ncha ya rangi ya kahawia hafifu ni ya silinda inayochoma vizuri. Masizi meusi makavu ni mafuta mengi au moto dhaifu. Nyeupe kama chokaa ni hewa nyingi au joto kupita kiasi. Iliyolowa oili, ringi au sili za valvu zinapitisha. Zikifanana zote nne, shida ni ya injini nzima. Ikitofautiana moja, umeshajua silinda.

Usiishie kwenye ncha. Geuza plagi, utazame ile kaure nyeupe juani, karibu na jicho. Unatafuta mstari mweusi, mwembamba kuliko unywele, unaopanda kutoka kwenye chuma hadi juu. Ukiuona, ujue umeme umekuwa ukiruka nje ya plagi badala ya kuwaka ndani ya silinda. Mstari huo ni kaboni, na ukishachorwa umeme utaufuata siku zote, hasa ukikanyaga mafuta mengi. Kofia ya raba ya waya huo nayo itakuwa na alama ndani. Badilisha vyote viwili kwa pamoja. Ukibadilisha plagi peke yake, kofia ya zamani itachora mstari mpya kwenye plagi mpya ndani ya wiki chache.

Kwenye injini kama 4A-FE, plagi zimezama ndani ya mashimo marefu, na raba za mviringo chini ya tapeti kava, mfuniko wa juu wa injini, zinapochakaa, oili hudondoka ndani. Ukivuta waya ukatoka umelowa oili, umepata chanzo kingine kinachojulikana sana cha kumisi: oili hulainisha na kuvimbisha kofia ya waya mpaka inapitisha umeme. Nyonya oili yote kwa kitambaa kwenye bisibisi kabla ya kufungua plagi, isije ikaingia kwenye silinda. Badilisha gasketi na raba hizo kwanza, halafu nyaya. Ukigeuza utaratibu, nyaya mpya zitalowa mwezi huohuo.

Nyaya zenyewe zipime kwa mita, ncha kwa ncha. Kwa Toyota hizi kipimo cha juu ni kiloohmu 25 kwa waya mmoja. Fungua kifuniko cha distributa, tazama nyufa na vile vitako vya ndani vilivyolika.

Kwa tatizo la mvua, usingoje Aprili. Ngoja giza liingie, washa injini uani, zima taa zote, kisha pulizia maji membamba kama ukungu juu ya nyaya na distributa. Mahali panapovuja utapaona kwa macho: cheche za buluu zinaruka kutoka kwenye waya hadi kwenye chuma. Simama kwenye sehemu kavu, mikono mbali.

Kwa tatizo la joto, gari likikata likiwa la moto, nenda na kitambaa kilichoowa maji baridi, ukikandamize kwenye koili au ignaita, moja kwa wakati. Likipona baada ya kupoza kimoja, umekipata. Kwenye baadhi ya magari koili imo ndani ya distributa, basi poza distributa nzima kwa nje.

Kuhusu kununua: pale Kisekka, Kampala, kila kitu kipo, kizuri na kibaya, bega kwa bega. Plagi bandia zenye maandishi ya kampuni kubwa zipo tele. Tazama kama maandishi kwenye kaure ni safi, kama nyuzi za chuma hazina mikwaruzo, kama ncha imenyooka katikati. Mimi huwa nanunua plagi moja kwanza, nailinganisha na ya zamani iliyotoka na gari, ndipo nanunua tatu zilizobaki. Nafasi ya ncha kwa injini nyingi za zamani ni kati ya milimita 0.8 na 1.1, soma kibandiko kilichopo chini ya boneti yako.

Hatua ya sita: mafuta

Swali la kwanza: huwa unaweka mafuta kiasi gani? Wengi wetu tunaendesha kwenye robo tanki mwaka mzima. Pampu iliyo ndani ya tanki hupozwa na petroli inayoizunguka, na uchafu wote wa miaka ishirini na tano umekaa chini. Jaza nusu tanki kwa wiki mbili uone kama daftari linabadilika. Jaribio hili halikupotezei kitu, mafuta utayatumia tu.

Petroli ya madumu ni jambo jingine. Mwanzoni mwa 2022, malori yalipokwama mpakani Malaba na petroli ikaadimika, wengi tulinunua popote ilipopatikana, na magari mengi yalikohoa baada ya hapo. Chota kidogo kutoka kwenye mpira wa filta, injini ikiwa imepoa na hakuna moto karibu, uiweke kwenye chupa ya kioo inayoonekana ndani, uiache saa nzima. Maji hukaa chini kama shanga. Yakionekana, safisha tanki na ubadilishe filta.

Pampu isikie kabla ya kuihukumu. Kwenye kisanduku kilekile cha Toyota, kuunganisha FP na +B, ufunguo ukiwa wazi, huzungusha pampu bila injini kuwaka. Itie sikio kwenye tanki: inapaswa kuvuma kwa sauti moja, bila kupanda na kushuka. Gereji yenye geji ipime presha, ambayo kwa injini hizi ni karibu psi 38 hadi 44 mpira wa vakyumu wa regyuleta, kidhibiti presha ya mafuta, ukiwa umechomolewa. Muhimu, geji ifungwe uendeshe nayo mpaka pale inapomisi. Presha ya uani haisemi lolote kuhusu mlima wa Pakwach.

Injekta zisikilize moja moja kwa bisibisi ndefu, mpini sikioni: tik-tik-tik sawa kwa zote nne. Kutafuta silinda iliyolegea, chomoa soketi ya injekta moja, urudishe, uende nyingine. Ile ambayo ukiichomoa injini haibadiliki, hiyo haikuwa ikifanya kazi.

Hatua ya saba: hewa

Mipira ya vakyumu ya zamani hukauka na kupasuka kwenye maungio. Pulizia maji yenye sabuni kidogo kwenye mipira na kwenye gasketi ya manifoldi injini ikiwaka; mlio ukibadilika, hapo panavuta. Wengine hutumia dawa ya kusafishia kabureta. Inafanya kazi, lakini juu ya eksozi ya moto inaweza kulipuka moto, na sioni sababu ilhali maji yanatosha. Safisha throtoli. Mpira mkubwa unaotoka kwenye filta ya hewa uvute na kuukunja, kwa sababu nyufa zake hufunguka injini inapoinuka tu, sawasawa na waya wangu.

Hatua ya nane: injini yenyewe

Ukifika hapa bila jibu, pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, throtoli ikiwa wazi kabisa. Linganisha silinda kwa silinda; tofauti ya zaidi ya asilimia 15 ni neno. Usiogope sana namba yenyewe ikiwa chini kuliko ya kitabu. Vitabu vimeandikwa kwa usawa wa bahari, nasi Arua na Kampala tuko karibu mita 1,200 juu, Kabale zaidi ya mita 1,800, na hewa ya huku ni nyepesi. Vivyo hivyo geji ya vakyumu: kitabu kinasema inchi 17 hadi 21 za zebaki, kwetu kutoa inchi nne ni kawaida. Nimeona injini isiyo na kasoro ikihukumiwa kufunguliwa kwa sababu ya namba hiyo tu.

Baada ya kutengeneza

Badilisha kitu kimoja kwa wakati, kisha rudi mahali palepale kwa hali ileile. Mimi nilikata ule waya mpaka kwenye shaba yenye kung’aa, nikaunganisha kipande kipya kirefu zaidi, nikabana kichwa kipya na kukitia soda, nikasugua manifoldi mpaka chuma kikang’aa, na nikabadilisha mauntini ya mbele, kwa sababu bila hiyo waya mpya ungekatika vilevile. Kisha nikashuka Pakwach saa saba mchana na watu wanne ndani, nikawasha AC, nikageuza darajani na kupanda. Mpwa wangu alikaa mbele, daftari mapajani, macho kwenye mshale. Nebbi tukafika ukurasa ukiwa mtupu. Nikarudia safari hiyo mara nne ndani ya wiki tatu, moja ikiwa ya mvua, ndipo nikaandika tarehe na kilomita, nikapiga mstari chini.